Usipande Ndege na Kijiti cha Reli Mfukoni

Mwanangu Mwadi,

"Ile mashine iko yake. Ni yeye alitengeneza, ni yeye tu anajua. Aende nayo mu telefone, atafanya yote kule kule Nairobi. Muntu hawezi kuachia kitu yake bantu ba inje."

Hayo ni maneno ya mjomba wako Banza, Jumapili, mezani kwangu, huku akikanda tonge la bukari niliyoisonga mimi. Watu wote walitikisa kichwa kukubali. Nawe ulitikisa, nilikuona. Katika kauli nzima nimepata ukweli mmoja tu: ni wewe uliyeitengeneza. Mengine yote ni makosa, na kwa kuwa kesho unapanda ndege kwenda kuanza kazi Nairobi, nimebakiwa na jioni hii tu ya kuyabomoa.

Sitakuandikia ule nini wala uvae nini. Hayo nimewaachia shangazi zako, wanayafurahia, na sanduku lako tayari limejaa unga wa muhogo na samaki wakavu kana kwamba Nairobi hakuna soko. Nakuandikia juu ya kufuli. Nitaeleza hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu barua hii nitaiacha wazi mezani, na Banza hajawahi kupita karibu na karatasi bila kuisoma.

Basi, kwa ajili yake: nyuma ya zahanati ya mtaa wetu wa Katuba kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba kuna kompyuta moja kubwa, ya mitumba, yenye kelele kama kinu cha mahindi. Ndani yake Mwadi ameweka kompyuta tatu ambazo huwezi kuzigusa kwa mkono. Moja ni ya zahanati, moja ya shule ya msingi, moja ya ushirika wa wakulima. Kila moja inaamini iko peke yake duniani. Inaamini ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, diski yake. Haijui kwamba chini yake kuna programu nyingine, msimamizi, anayezigawia zote zamu ya kutumia mashine ile moja ya kweli. Hizo ndizo tunaziita mashine pepe. Na diski nzima imefungwa kwa neno la siri, ili mwizi akiibeba asisome magonjwa ya watu.

Neno hilo analijua Mwadi peke yake. Mlangoni, Banza ameongeza kufuli la chuma, na ufunguo wake anautembeza kwenye mnyororo wa suruali.

Wiki iliyopita ulikwenda Lukafu kuvuna mahindi pamoja na shangazi yako. Mtandao haufiki kwenye shamba lile, unajua, maana ndiyo sababu unalipenda. Umeme ulikatika Katuba, ukakawia kurudi kuliko betri zinavyoweza kuvumilia, mashine ikazimika. Umeme uliporudi, mashine iliamka na kuuliza neno la siri. Nilikuwapo. Banza alikuja kufungua mlango, akasimama pembeni kama askari. Kavira alikaa mbele ya kioo, mikono juu ya vitufe. Kavira huyu huyu uliyesoma naye darasani kwangu, uliyevuta naye nyaya za chumba kile mkiwa mmejaa vumbi. Nje, akina mama walikuwa kwenye mabenchi na watoto wa chanjo.

"Kavira, fungua basi, batoto banalia!"

"Mi sina code, mama."

"Ni nani iko na code?"

"Mwadi."

"Iko wapi, Mwadi?"

"Iko ku mashamba."

Mama mmoja akacheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika: "Ee! Kumbe kompyuta nayo inaendaka ku mashamba!"

Wote walicheka. Kisha kicheko kikaisha, na muuguzi akawarudisha nyumbani, kwa sababu hakuthubutu kumchoma mtoto sindano bila kujua alishachomwa nini. Wengine wanatoka mbali. Wengine sijawaona tena kwenye benchi lile, nami hupita pale kila siku.

Uliporudi ulisema, "Mama, ni bahati mbaya ya umeme." Hapana, Mwadi. Umeme hukatika Lubumbashi kama jua linavyotua. Hakuna bahati humo. Lililotokea nililikufundisha mimi mwenyewe, mwaka wako wa pili, ubaoni, na ulipata alama nzuri.

Kumbuka. Ndani ya kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoiongoza mashine, pale ambapo kazi nyingi zinagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, tunaweka kufuli. Anayeingia analishika, anabadilisha anachobadilisha, analiachia. Lipo kufuli la aina moja ambalo anayelisubiri halali: anazunguka mlangoni akiuliza, limefunguliwa? limefunguliwa? limefunguliwa? Anachoma kichakataji bure, lakini tunamruhusu, kwa sababu tunajua aliye ndani atatoka mara moja. Ndiyo maana kuna sheria ambayo sijawahi kumsamehe mwanafunzi anayeivunja: ukishika kufuli la namna hiyo, usilale. Usiende kungoja diski, usiende kungoja mtandao, usiende Lukafu.

Na kesho unakwenda kulala. Utakaa ndani ya ndege na simu imezimwa. Kisha utakuwa na wakubwa wapya, mikutano, lugha ya kazi usiyoizoea, chumba cha kupanga. Kufuli mkononi mwako, na Katuba nzima inazunguka mlangoni.

Sasa nikusimulie habari za babu yako, hata kama Banza anaichukia hadithi hii. Hasa kwa kuwa anaichukia.

Baba yetu alikuwa dereva wa treni. Njia ilikuwa moja tu kati ya stesheni na stesheni, treni za kwenda na za kurudi zote juu ya reli hiyo hiyo. Ili zisigongane, kulikuwa na kijiti cha chuma. Kimoja tu kwa kila kipande cha njia. Dereva mwenye kijiti anaingia. Asiye nacho anasimama, hata kama anaona njia nyeupe mpaka kwenye kona. Mwenye kijiti akifika upande wa pili anamkabidhi mkuu wa stesheni, naye anampa dereva anayekwenda kinyume. Hiyo ndiyo elimu yangu ya kwanza ya kiini, kabla sijaona kompyuta yoyote.

Siku moja baba aliingiza treni yake stesheni salama, na kabla hajashuka vizuri mtu akampigia kelele toka kwenye jukwaa: "Papa Ilunga! Bibi yako amezaa! Mwanaume!" Baba akaruka, akakimbia moja kwa moja mpaka hospitali ya uzazi, kijiti kikiwa mfukoni mwa koti. Treni ya upande ule ikasimama. Ya nyuma yake ikasimama. Njia ilikuwa tupu, Mwadi. Hakukuwa na gari, hakukuwa na hata mbuzi, na hakuna dereva aliyethubutu kuingia, nao walikuwa na haki. Walimtuma mtu kwa baiskeli. Alimkuta baba anawaonyesha wauguzi mtoto, mkono mmoja umebeba mtoto, mwingine unamnyooshea kijiti: "Angalieni! Angalieni huyu!"

Huyo mtoto ni mjomba wako Banza. Shuleni walimwita Bâton, yaani Kijiti, na kule kwenye nyumba za reli wapo wazee wanaomwita hivyo hadi leo.

Baba hakuwa mtu mbaya siku ile. Hakuwa mvivu wala mchoyo. Alikuwa na furaha. Ndilo jambo ninalotaka ulisikie: watu wengi wanaowafungia wenzao njia hawana ubaya wowote, wana jambo jema mahali pengine. Kazi yako ya Nairobi ni jambo jema. Nimejisifu nayo mpaka majirani wananikwepa.

Najua utakachojibu. Ulinijibu Jumatatu tulipokuwa tunachambua majani ya sombe: "Mama, Kavira aliangusha mashine ya ushirika." Ni kweli, aliiangusha. Akakaa nayo mpaka ikafanya kazi tena, kisha akawaeleza wakulima uso kwa uso alichokosea. Wewe ulipoangusha ile ya shule, sisi tuliambiwa ni umeme. Usinifanye mjinga, mwanangu. Nasoma kumbukumbu za mashine kama wengine wanavyosoma magazeti.

Siwezi kukucheka sana, maana tabia hiyo umeinyonya kwangu. Unamjua Monga, mwenzangu wa chuoni, yule mpole anayesubiri mtu amalize kusema. Tulipokuwa tunaandika kiini kidogo cha kufundishia wanafunzi, mimi nilitaka kufuli moja kubwa kwa kiini chote. Anayeingia, aingie peke yake. Wengine wote nje. Monga alisema, "Leo tuna kichakataji kimoja, itafanya kazi. Kesho tukipata mashine yenye vinane, saba vitakuwa vinatazama kimoja kikifanya kazi." Nilimshambulia. Niliandika kurasa na kurasa, nikabandika kwenye ubao wa matangazo, nikamwita mpenda fujo. Nilishinda mjadala kwa sababu nina sauti. Mashine mpya ilipofika, ilikwenda polepole kuliko ile ya zamani, na wanafunzi wakaniuliza kwa adabu kama labda imeharibika.

Basi nikageuka, kwa hasira ileile. Nikalikata kufuli kubwa vipande vipande, kila kitu na kufuli lake, bila kupanga lipi lishikwe kabla ya lipi. Mashine ikaganda. Haikuanguka, haikulalamika, iliganda tu. Kazi moja imeshika la kwanza inangoja la pili, nyingine imeshika la pili inangoja la kwanza, na zote mbili zina haki. Nililiona tatizo lenyewe si kwenye kioo bali jikoni kwangu. Wewe ulikuwa umeshika mbabula, lile jiko la makaa, mdogo wako Ilunga, aliyerithi jina la babu, ameshika sufuria ya maji ya bukari:

"Leta sufuria!"

"Weye leta kwanza mbabula!"

"Mi ndiye mukubwa!"

"Mukubwa wa nini? Maji yako iko wapi?"

Makaa yakaisha hivyo hivyo. Tulikula mkate siku ile. Nikarudi chuoni, nikamwomba Monga tukae naye, tukaandika utaratibu: makufuli yote yana cheo, na kila anayehitaji mawili anachukua la cheo cha juu kwanza, awe nani. Hakuna majadiliano kuhusu ukubwa. Tangu siku hiyo kiini chetu hakijaganda, na Monga hajawahi kunikumbusha zile karatasi za ubaoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nakusimulia hili kwa sababu familia yetu imeganda sasa hivi, leo, na hakuna anayelitaja. Jumapili, baada ya mimi kupiga kelele, Banza alilegea kidogo: "Sawa. Nitamupa Kavira ufunguo ya mulango, Mwadi akishamupa code." Nawe ukasema, kwa sauti yako ya utiifu ambayo siiamini: "Nitamupa code, mujomba akishamupa ufunguo." Kila mtu akakuona wewe ni binti mwenye heshima na yeye ni mzee mwenye busara. Mimi niliona mbabula na sufuria.

Kuna jambo jingine ambalo Banza halijui, nawe unalijua na ulinyamaza. Diski ile inakubali maneno ya siri zaidi ya moja. Kumpa Kavira neno lake si kukunyang'anya lako. Utabaki na lako, utaingia kutoka Nairobi ukitaka, na siku mkitaka kugusa kitu kimoja kwa pamoja, atakayegusa amwambie mwenzake kabla, kama tulivyofanya siku zote. Kwa hiyo "kuachia kitu yake" hakupo. Kuna kuogopa tu. Unaogopa kwamba mashine ikifanya kazi bila wewe, basi hukuwa na maana kubwa. Mimi nasema kinyume: mhandisi ambaye kazi yake inakufa akiondoka hajaimaliza.

Nimepigana maisha yangu yote na wale wanaosema sisi wa Katanga kazi yetu ni kutoa shaba na kobalti, wachimbaji wa Kambove watoe mawe, mashine zitengenezwe kwingine, nasi tubonyeze vitufe na kushukuru. Wanaamini maarifa ya ndani ya mashine ni mali ya ukoo wao. Nimewajibu kwa maandishi, redioni, kwenye harusi za watu. Sitakubali kumkuta mpinzani yuleyule amekaa mezani kwangu, anakula samaki wangu, anasema mashine ya Katuba ni mali ya ukoo wetu.

Juu ya Nairobi nina machache. Kule utakuwa kama mashine pepe, na hakuna aibu. Utaamini unakwenda kwa mwendo wako mwenyewe, na kuna mtu juu ya ratiba yako anayekutoa kwenye kichakataji katikati ya sentensi bila kukuuliza. Ukirudishwa utadhani hakuna muda uliopita, kumbe saa yako imebaki nyuma. Kutakuwa na amri ambazo ukizitoa mwenyewe hazitafanyika. Zitakamatwa, msimamizi atazitekeleza kwa niaba yako, kisha atakurudisha ulipokuwa. Usigombane na hilo siku ya kwanza. Gombana nalo baadaye, ukiwa umelielewa. Lakini moja lisikupite: mgeni mwerevu humwambia msimamizi, "Sasa nimeshika kufuli, usinitoe mpaka niachie." Sema. Usingoje wakisie. Mimi nilichelewa kujifunza kusema hivyo, nilidhani ni udhaifu, na wenzangu walizunguka mlangoni kwa sababu ya kiburi changu.

Na juu yangu. Utakumbuka ulipokwenda Likasi kwenye mafunzo, tulikubaliana ukifika unibipu, simu ilie mara moja ukate, nijue umefika. Ulibipu wakati simu yangu imezimika kwa sababu ya umeme. Ilipowaka, mimi nikakaa kungoja mlio ambao ulishapita. Nilingoja nikiwa nimeshakuzika kichwani, na wewe ulikuwa unakula kuku. Kazi zilizolala ndani ya kiini hufa hivyo hivyo, zikingoja kuamshwa na mlio uliotangulia. Dawa yake unaijua: kabla ya kulala, na kila unapoamka, angalia hali yenyewe, usitegemee mlio. Kwa hiyo nikinyamaza usingoje nibipu. Piga. Uliza. Nami nitafanya vivyo hivyo, na utachoka nami.

Sina wasiwasi na wewe, Mwadi. Nakwambia kweli, na watu wanajua kwamba kusifu si tabia yangu. Una kichwa, una mikono, una ukaidi wa kutosha familia mbili. Utafika, utagombana na watu wanaostahili kugombwa, utaandika msimbo ambao nitausoma huku nimekunja uso kwa fahari. Ninalotaka ni dogo, na nalitaka kesho, kabla gari la uwanja wa ndege halijafika mlangoni.

Nimemwita Kavira aje kunywa chai nasi asubuhi. Hajui kwa nini. Ninyi wawili mnajua.

Yaya Banza, kaka yangu mkubwa, wewe kwanza. Usijifanye hukusoma mpaka hapa. Cheo cha juu ni mlango, na mlango unatangulia neno: toa ufunguo kwenye mnyororo wako, uuweke mkononi mwa Kavira, usimngoje Mwadi. Treni zimeshasimama kwa ajili yako siku uliyozaliwa, inatosha.

Mwadi, wewe wa pili. Akishapokea ufunguo, nenda naye chumbani, hatua ni chache toka hapa kwetu, kaa pembeni yake, mwache aandike neno lake mwenyewe, nawe ugeuze uso usilione. Kisha uizime mashine. Mwache aiwashe yeye. Usiguse kitufe hata mikono ikikuwasha. Ukisikia ile kelele ya kinu imeanza, na akina mama kwenye mabenchi wameanza kuitwa majina, njoo uchukue sanduku lako.

Mama yako